Kimeng'enya cha Mtu Kitengenezwacho na Bakteria

Kila asomaye Bayolojia ajua kuwa vimeng'enya havifanyi kazi tumboni peke yake. Ndani ya kila chembe ya mwili mna vimeng'enya vinavyovunja na kuunganisha vitu usiku na mchana. Leo napenda kueleza kimoja tu, kiitwacho G6PD, na jinsi wataalamu wakipatavyo kwa majaribio yao pasipo kumtoa mtu damu.

Kazi yake ni hii. Hushika glukosi iliyokwisha kutiwa fosfeti, huiondolea haidrojeni, na kuikabidhi kwa NADP, nayo ikawa NADPH. Hiyo NADPH ndiyo ngao ya chembe nyekundu za damu, kwani chembe hizo huchukua oksijeni, na oksijeni, pamoja na wema wake wote, huharibu. Tena chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, wala haiwezi kutengeneza kimeng'enya kipya. Akiba iliyotoka nayo katika uboho ndiyo hiyo hiyo ya siku zake zote 120.

Basi wako watu ambao G6PD yao ni dhaifu tangu kuzaliwa. Hukadiriwa kuwa wamepita milioni 400 duniani, na wengi wao wamo katika nchi zilizozoeana na malaria. Siku zote hawajambo, ila wakimeza dawa fulani chembe zao hupasuka. Hata vile vidonge vyeupe vya nafthalini tutiavyo katika masanduku ya nguo huweza kuwadhuru. Sababu yake ilijulikana mwaka 1956 huko Marekani, kwa kuchunguza primakwini, dawa ya malaria, iliyowadhuru watu wengine na kuwaacha wengine. Waliojaribiwa walikuwa wafungwa wa gereza la Stateville, jambo ambalo mimi silisifu.

Mdogo wangu ni mmoja wa watu hao. Alipewa dawa, na siku ya tatu mkojo wake ukawa mweusi kama kahawa, hata ikabidi aongezwe damu. Nyumbani yalisemwa mengi, na shangazi alishika kuwa ni kijicho cha watu. Daktari ndiye aliyetueleza habari ya G6PD, na kwamba jeni yake imo katika kromosomu X, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa mama. Mama aliinamisha kichwa, lakini ni nani awezaye kuchagua jeni ya kumpa mwanawe?

Sasa, ukitaka kukichunguza kimeng'enya kilicho dhaifu, utakipata wapi? Katika damu ni kidogo mno, na kwa wagonjwa ni kidogo zaidi. Ndipo wataalamu wakachukua nakala ya maagizo ya jeni ya mtu, wakaitia katika kipete cha DNA, na kipete hicho wakakiingiza ndani ya bakteria aitwaye E. coli, jamaa wa matumbo yetu. Bakteria hukuzwa katika mchuzi wa vuguvugu, wakisha kuwa wengi huamshwa kwa kemikali waanze kazi, kisha hupasuliwa na kimeng'enya huchujwa. Kwa kuwa E. coli naye ana G6PD yake, wengine hutumia aina isiyo nayo, ili kisichanganyike cha mtu na cha mdudu.

Kukipima ni rahisi kuliko nilivyodhani. NADPH hunyonya mwanga wa nanomita 340, na NADP hainyonyi. Basi hutiwa sukari na NADP katika kichupa, na kadiri mwanga huo unavyopungua upesi, ndivyo kimeng'enya kilivyo hodari.

Kwa njia hii Lucio Luzzatto, aliyepata kufanya kazi Ibadan na baadaye Muhimbili, Dar es Salaam, pamoja na wenzake walitengeneza ile aina dhaifu ya Kiafrika. Ina mabadiliko mawili katika asidi-amino zake 515, moja mahali pa 68 na jingine pa 126. Mwaka 1992 walionyesha kuwa hakuna moja liletalo udhaifu huo peke yake. Lazima yawe pamoja.

Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walieleza kemikali waliyoiita AG1, inayokitia nguvu kimeng'enya kilicho dhaifu. Nayo kwanza ilijaribiwa katika vichupa, juu ya kimeng'enya kilichotoka kwa bakteria.