Mvua za masika na sumu inayoingia kwa chaza na kaa

CHAZA anayebanduliwa kwenye mizizi ya mikoko wakati wa kiangazi na yule anayebanduliwa pale pale wakati wa masika hufanana sokoni, lakini hawakuishi katika maji ya aina moja.

Kwa wanaookota chaza na wanaonenepesha kaa katika pwani ya Tanga, tofauti hiyo inaweza kugusa mfuko, hasa mnunuzi anapokuwa wa nje. Umoja wa Ulaya hauruhusu kadimiamu, madini yanayodhuru figo, izidi miligramu 1 katika kilo moja ya chaza. Kwa nyama ya kaa na kamba kikomo ni nusu ya hapo. Wafanyabiashara wa samaki wa Ziwa Victoria hawajasahau mwaka 1999, soko hilo lilipowafungia milango kwa sababu ya uvuvi wa kutumia sumu.

Kadimiamu hupatikana katika baadhi ya mbolea za fosfeti, betri na rangi. Mvua huiosha hadi mtoni, na mto huipeleka baharini.

Huko ndiko chumvi inapofanya kazi yake. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya takriban gramu 35, na sehemu kubwa ya kadimiamu hushikwa na chumvi hiyo. Inayobaki huru ndiyo hupenya kwa urahisi kwenye matamvua ya chaza na kaa. Masika yanapokolea, mito ya Pangani, Sigi na Mkulumuzi humwaga maji baridi mengi, chumvi ya mlangoni hupungua na kadimiamu huachiwa. Hapo mnyama anaweza kuingiza sumu zaidi ingawa kiasi kilichomo majini hakikuongezeka.

Kalsiamu nayo ina nafasi yake. Kadimiamu hupita kwenye milango ile ile ya matamvua inayopitisha kalsiamu, kama abiria wanaogombea daladala moja. Kalsiamu ikiwa nyingi, kadimiamu hukosa kiti. Ndiyo maana maji yaliyopita kwenye mawe ya chokaa, kama yale ya Mapango ya Amboni, humkinga mnyama kuliko maji laini yanayoshuka kutoka miamba ya Usambara. Kaa aliyetoka kujivua gamba huvuta kalsiamu kwa pupa ili gamba jipya ligande, na kadimiamu huingia naye humo humo.

Aidha, yapo maji machachu ya mashine za mkonge. Nyuzi ni sehemu ndogo tu ya jani, kama asilimia 4. Kinachobaki ni makapi na maji yenye asidi, ambayo yakifika mtoni humaliza hewa na kuyeyusha madini yaliyonata kwenye tope. Mtambo wa Hale uliozinduliwa mwaka 2008 ulionyesha kuwa mabaki hayo yanaweza kutoa gesi na umeme badala ya kutupwa.

Mfugaji anayeweka vizimba vyake mbali na mdomo wa mto, mahali maji ya bahari yanapofika kila siku, ameshapunguza hatari. Kifaa kidogo cha kupimia chumvi kitamwonyesha mvua imefika wapi.

Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi madini. Kwa kaa, kadimiamu hujikusanya zaidi katika ile nyama laini ya kahawia iliyo chini ya gamba kuliko nyama nyeupe ya miguu, na bahati mbaya wapo walaji wanaoipenda hiyo ya kahawia kuliko zote.