Mbili Nne Mbili

Kama umewahi kutuma kitu kwa matatu kutoka Kitengela hadi Kajiado, basi unamjua karani wa mizigo. Anakaa kwenye kibanda pembeni mwa steji, kalamu nene ya wino mweusi ameichomeka sikioni. Unampa kifurushi, anakuuliza jina la mpokeaji, nambari yake ya simu na mahali alipo. Anayaandika yote juu ya kifurushi, anakukatia risiti, kisha anakirusha kwenye lundo lake: hili la Isinya, hili la Kajiado, hili la Bissil, na lile la mwisho la Namanga. Hafungui kitu. Hajui kama ndani mna viatu vya shule au betri ya redio, wala hana haja ya kujua. Anasoma maandishi ya juu, basi.

Wanangu, leo nawasimulia habari za karani wa namna hiyo, ila huyu wangu anaishi ndani ya kompyuta, hali chakula wala hadai mshahara, na kwa ukaidi anamshinda punda. Mimi na yeye tulikosana siku tisa nzima. Sogeeni karibu.

Mimi naishi Kitengela. Dada yangu anaishi Kajiado mjini, yapata kilomita 50 kwa barabara ya Namanga. Binti yake yuko gredi ya saba, na ni mtoto wa maswali. Likizo moja akaniuliza, "Mjomba, kabla ya WhatsApp mlikuwa mnaandikiana vipi kwa kompyuta?" Mtu mwenye busara angemjibu kwa sentensi mbili akaendelea kunywa chai. Mimi nikamwanzia mbali, kwa mbwa.

Mwaka 1984, kule San Francisco nchini Marekani, kijana aitwaye Tom Jennings alikuwa na kompyuta iliyounganishwa kwa vipande vya mashine mbalimbali. Kwa kuwa ilikuwa chotara wa machotara, ilipewa jina Fido, jina ambalo Wamarekani huwapa mbwa kama sisi tunavyowaita wetu Simba. Fido ilikuwa ubao wa matangazo. Ulipiga simu kwa modemu, kile kifaa cha kuunganisha kompyuta na simu, ukasoma yaliyobandikwa, ukabandika lako, ukakata ili mwingine apate nafasi. Kisha Jennings akawaza: kwa nini kompyuta yangu isimpigie simu mwenzake yenyewe, usiku wakati simu ni rahisi, impelekee barua nami nimelala? Rafiki yake John Madill alikuwa Baltimore, upande wa pili wa nchi. Mashine zao zikaanza kupigiana. Mtandao ukaitwa FidoNet, nembo yake mbwa mwenye diski mdomoni, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ulikuwa na nodi zaidi ya 30,000 duniani. Nodi ni kompyuta moja yenye nambari yake.

Msidhani mambo haya yaliishia ng'ambo. Mapema miaka ya 1990, kabla ya kampuni za intaneti kufunguliwa Kenya, palikuwa na nodi ya Fido hapa Nairobi, katika shirika la mazingira la Environment Liaison Centre International. Nairobi na London zilipigiana simu, moja ikichukua furushi la barua na kuacha jingine, na kule London barua zilipitia lango la shirika la GreenNet. Karen Banks, aliyelisimamia lango hilo, aliingizwa mwaka 2013 katika orodha ya heshima ya Internet Hall of Fame. Madaktari nao walikuwa na mtandao wao, HealthNet, uliofuata mtindo huohuo wa Fido. Kenya ilikuwamo, na kwa muda barua za HealthNet zilibebwa na setilaiti ndogo iliyopita juu ya vichwa vyetu mara chache kwa siku, ikimeza barua hapa na kuzitema kwingine.

Mpwa wangu akataka kujua mitandao hiyo ilikuwa na kasi gani. Nikampa hesabu aifanye mwenyewe. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde hupitisha takriban herufi 240 kila sekunde. Ukurasa mmoja wenye herufi 2,400 huchukua sekunde kumi. Na picha moja ya simu yako, tuseme baiti milioni tatu? Akaandika, akafuta, akaandika tena, akaja na jibu: zaidi ya saa tatu. Akanitazama kana kwamba nimemwambia watu walikuwa wakienda Mombasa kwa kutambaa. Ndiyo sababu barua zilikandamizwa kwanza na kufungwa pamoja kabla simu haijapigwa. Kila dakika ya simu ya ng'ambo ilikuwa pesa.

"Na sisi tunaweza?" akauliza.

Hapo ndipo nilipojitia kitanzini.

Tulianza na kompyuta mbili za mtumba, moja kwangu na moja kwao. FidoNet yenyewe bado ipo, na siku hizi sehemu kubwa ya barua zake hupita kwenye intaneti badala ya simu, lakini sisi tulitaka mtandao wetu mdogo tuuvunje na kuutengeneza tupendavyo. Anwani ya mtindo wa Fido ina sehemu tatu: kanda, mtandao na nodi. Kanda tukachukua 254, nambari ya simu ya nchi yetu. Kwa mtandao tukatazama msimbo wa posta. Kitengela ni 00242, Kajiado ni 01100. Basi mimi nikawa 254:242/1, na mpwa wangu akawa 254:1100/1. Alifurahia sana kuwa na nambari kubwa kuliko yangu.

Sasa sikilizeni vizuri. Ndani ya kila nodi mna watumishi wawili, na ukiwachanganya umekwisha. Wa kwanza ni tarishi. Kazi yake ni kwenda na kurudi: anabisha kwa jirani, anataja anwani yake na neno la siri, anakabidhi furushi, anapokea furushi, anarudi. Hajui kusoma barua. Wa pili ni karani. Huyu ndiye anayefungua furushi, anasoma juu ya kila barua na kuirusha panapostahili. Ile ya faragha huenda kwa mwenyewe, ile ya baraza huenda barazani, na ile inayopita tu kuelekea kwingine hufungwa upya. Waingereza humwita tosa. Niliposikia mara ya kwanza nilidhani barua zinatoswa majini. Baadaye nikagundua kwamba ukikosea kumwelekeza, kweli zinatoswa.

Baraza ni kitu kitamu. Barua ya faragha ina mpokeaji mmoja, lakini barua ya baraza huigwa na kupelekwa kwa kila nodi iliyojiandikisha, ili wote wasome mazungumzo yaleyale. Jambo hilo lilibuniwa na Jeff Rush wa Dallas, Texas, mwaka mmoja hivi baada ya Fido kuzaliwa. Sisi tulifungua mabaraza mawili, MIFUGO na VITENDAWILI. La kwanza nililitaka mimi.

Karani hana akili yake mwenyewe. Ana daftari la maagizo, faili ya maandishi matupu, na unamjazia wewe. Kwanza unamwambia yeye ni nani, kisha majirani zake ni akina nani na neno la siri la kila mmoja, kisha mabaraza ni yapi na nani apelekewe lipi. Unamwonyesha pia folda: mafurushi yanayoingia yatue wapi, yanayotoka yangoje wapi, na barua asizozielewa aziweke wapi. Folda hiyo ya mwisho watoto huidharau. Mimi pia niliidharau.

Nilijaza daftari la karani wangu usiku, stima imerudi baada ya kupotea jioni nzima, macho mazito. Mpwa wangu alijaza la kwake kwa utulivu mchana. Kisha nikaandika kitendawili cha kwanza barazani, nikamwita tarishi aende Kajiado. Akaenda. Nikaona kwenye skrini: amepokewa, neno la siri sawa, furushi moja limekabidhiwa. Nikalala kama mtu aliyevuna.

Kesho yake hakuna jibu. Nikatuma kitendawili cha pili, nikidhani cha kwanza kilikuwa kigumu. Kimya. Cha tatu nikakirahisisha mno, mtoto wa chekechea angekitegua. Kimya. Kila usiku tarishi alikwenda na kurudi salama, na kila usiku alirudi na furushi kutoka Kajiado, lakini barazani kwangu hapakuwa na neno. Nikaanza kumlaumu kila mtu. Nikailaumu intaneti, nikailaumu ile kompyuta ya mtumba, nikamlaumu kimoyomoyo hata mtoto wa watu kwamba amechoka na mchezo.

Siku ya tisa, Jumamosi, simu ikalia. "Mjomba, karani wangu anasema hakujui."

"Hanijui vipi?"

"Nimesoma logi. Kila siku unaniletea barua, na kila siku anaziweka kando. Zote ziko kwenye ile folda. Anasema zimetoka kwa mtu ambaye hayumo kwenye daftari. Hebu nisomee nambari yako."

Nikafungua daftari la tarishi. "Mbili nne mbili."

"Sasa la karani."

Nikalifungua. Nikanyamaza.

"Mjomba?"

"Mbili mbili nne," nikasema.

Alicheka hadi mama yake akachukua simu kuuliza kuna nini.

Mmeona kilichotokea? Tarishi na karani kila mmoja ana daftari lake. Tarishi alijitambulisha kwa jina sahihi, akafunguliwa mlango na kupewa chai. Lakini barua alizobeba zilikuwa na muhuri wa karani, na muhuri ulisema zimetoka 224, mahali pasipokuwapo duniani. Karani wa Kajiado akafanya kazi yake sawasawa: simjui huyu, weka kando. Na barua za mpwa wangu zilipofika kwangu zikiwa zimeandikwa 242, karani wangu akasema, hizi si zetu, sisi ni 224, weka kando. Nilipofungua folda yangu niliyoidharau nikazikuta zote zimelala humo kwa mpangilio. Mojawapo iliuliza: Mjomba, barua zangu zinafika?

Lakini si mimi wa kwanza kuangushwa na nambari; hata Jennings mwenyewe yalimkuta. Siku za mwanzo nambari moja ya simu iliandikwa vibaya kwenye orodha ya nodi, na usiku mashine zikawa zinampigia mtu ambaye hakuwa na habari na mambo hayo kabisa. Jennings aligundua aliposikia sauti ya binadamu ikiita kutoka kwenye modemu. Haukupita muda, kazi ya kutunza orodha ikaenda kwa wenzake wa St. Louis.

Nilibadilisha tarakimu mbili, nikamwamuru karani azipitie upya zilizowekwa kando, na barua za siku tisa zikamiminika barazani kwa mpigo. Zangu zenye muhuri wa 224 ilibidi nizitume upya moja moja. Kisha nikamwambia mpwa wangu atume furushi jipya, nikalingojea folda ikiwa wazi. Lilifika likiitwa 035a0000.sa0.

Jina hilo si upuuzi. Chukua 1100, toa 242, unapata 858. Sasa liandike 858 kwa hesabu ya kumi na sita badala ya kumi, ambamo herufi a ni kumi: tatu mara 256, tano mara 16, na kumi juu yake. Hiyo ndiyo 35a, na sifuri ya mbele hujaza nafasi. Sifuri nne zinazofuata ni nodi yake ya 1 ukiitoa nodi yangu ya 1. Herufi sa ni mwanzo wa Jumamosi kwa Kiingereza, na 0 ni furushi la kwanza la siku hiyo. Mpwa wangu alilifumbua kabla yangu, na sitaki kulizungumzia zaidi.

Sasa tunataka kukua, na hapo karani atapata kazi ya pili. Chini ya kila barua ya baraza yeye huandika orodha ya nodi ambazo tayari zimepelekewa, kama daftari la mahudhurio, ili jirani asirudishiwe alichokwisha kusoma. Tukiwa wawili hilo linatosha. Lakini tuseme mimi naipeleka barua Isinya na Kiserian, na zote mbili zinaipeleka Kajiado. Isinya haijui kama Kiserian imekwisha kuituma, na Kajiado itaipata mara mbili. Kwa hiyo karani hupewa pia kumbukumbu. Kila barua ina nambari yake ya utambulisho, naye huiweka akilini. Ikija tena, anaitupa kimya kimya. Huo ni mstari mmoja tu wa daftari, na safari hii mpwa wangu ndiye atakayeuandika.

Kiserian tumepata mtu. Isinya bado. Wewe uliye Isinya na una kompyuta kuukuu imefunikwa kitambaa kabatini, iwashe kwanza uone kama inaamka, halafu tuma ujumbe Kajiado wala si Kitengela. Anayetoa nambari siku hizi ni yule wa gredi ya saba.