Visanduku Saba vya Mjukuu Wangu

Hivi majuzi mjukuu wangu aliye katika Gredi ya Nne alirejea nyumbani na karatasi yenye visanduku saba: kimoja chake, viwili vya wazazi, na vinne vya babu na nyanya wa pande zote mbili. Alitakiwa avijaze kufikia asubuhi. Nusu saa haikupita kabla ya mtoto wa jirani kubisha hodi, naye akiwa na karatasi kama ile. "Babu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "naweza kuliandika jina lako pale pa baba?" Mama yake alikuwa amemkataza katakata asiulize habari za baba.

Nilimshauri aandike jina la nyanya yake, kwa kuwa ndiye amlelaye. Kesho yake alirudi na alama ya kosa iliyotiwa kwa kalamu nyekundu.

Nisieleweke vibaya. Sipingi watoto wafundishwe asili yao. Nalalamikia karatasi ile, ambayo imekadiria kwamba kila mtoto ana wazazi wawili wanaojulikana. Yatima hakukumbukwa, wala mtoto wa kulea. Tena hata aliyevijaza vyote saba hakujifunza lolote ila tahajia ya majina.

Na majina yenyewe ni hazina, laiti tungeyauliza yanasema nini! Mkikuyu humpa mwanawe wa kwanza wa kiume jina la babake mzazi, na wa pili jina la babake mkewe, hivi kwamba mtoto huitwa kwa jina la mzee aliye hai au aliyekwisha kwenda zake. Mjaluo humwita Otieno aliyezaliwa usiku, Akinyi msichana wa asubuhi, na Okoth aliyekuja na mvua. Kwa Wabukusu, Wekesa ni wa majira ya mavuno, na Wanjala ni wa wakati wa njaa. Je, ni watoto wangapi darasani wanaojua kwamba wameibeba tarehe ya jamaa zao midomoni mwa wanaowaita?

Zipo pia shule zinazodhani utamaduni ni siku moja ya kuvaa shuka na shanga za kukodi, wazazi wakipiga picha. Hayo tuyaache.

Kuna watoto ambao kwao swali hili si la mapambo. Wamakonde waliletwa pwani kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Watoto na wajukuu wao walizaliwa papa hapa, lakini wengi wakazeeka bila kitambulisho. Mnamo Oktoba 2016 walitoka Kwale wakatembea hadi Nairobi kudai haki hiyo, na mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Mtoto wa Kimakonde akiambiwa amhoji babu yake, atarudi darasani na safari hiyo, na wenzake watajifunza uraia kuliko kitabu chochote kiwezavyo kuwafundisha.

Kwa hivyo ombi langu kwa walimu ni dogo. Mpeni mtoto swali moja badala ya visanduku, na mwacheni achague mwenyewe mzee wa kumwuliza, awe wa damu au wa jirani: ni nani aliyenipa jina hili, na kwa nini? Au alete kitu kimoja cha nyumbani, kibuyu, kiondo au kanga iliyochakaa, na aeleze kilikotoka. Asiyetaka kusema la nyumbani kwao asilazimishwe mbele ya darasa.

Mtoto wa jirani yangu ana jina lile la njaa. Jioni ile nilimtuma kwa nyanya yake akamwulize kwa nini aliitwa hivyo ilhali chakula kimo ndani. Kumbe ni jina la kaka yake bikizee huyo, aliyezaliwa mwaka wa ukame, na ambaye ndiye aliyemlipia yeye karo. Mtoto alikuja mbio kunisimulia, miguu mitupu, na giza lilikuwa limekwisha kuingia.