Kifua kikiharibika, moyo nao unachoka: juu ya nini mazoezi ni sehemu ya dawa

Katika majimbo yetu ya mashariki, watu wengi wanaishi na mapafu yenye kuharibika. Kuna wenye waliharibiwa na moshi wa kuni na makala, kuna wenye walivuta vumbi katika mashimo ya madini, na kuna wenye walipona kifua kikuu lakini pumzi haikurudi vile ilikuwa. Nyumbani wengi wanaambiwa neno moja: «Kaa, pumzika.» Neno hilo linatoka kwa upendo, lakini mutu mwenye kukaa siku zote anapoteza nguvu ya mwili, kiisha anapoteza na furaha ya kuishi.

Ni magonjwa gani haya?

Ugonjwa mumoja mukubwa ni ule waganga wanaandika BPCO ku karatasi. Njia za hewa ndani ya mapafu zinakuwa nyembamba, na hewa yenye kuingia haitoke yote. Hauponi kabisa, lakini unaweza kutunzwa. Shirika la Afya Duniani linasema kama uliua watu karibu milioni 3,5 katika mwaka 2021.

Wengi wanafikiri ni ugonjwa wa wavuta sigara tu. Ni kweli kwa nchi tajiri, kwani kule sigara inaleta zaidi ya visa 70 kwa 100. Katika nchi zenye mapato madogo na ya katikati, sigara inaleta visa 30 mpaka 40 kwa 100, na moshi wa ndani ya nyumba uko kati ya visababishi vikubwa. Kwa hiyo mama mwenye hajagusa sigara hata siku moja, lakini amepika miaka 30 pembeni ya mbabula ao mafiga, anaweza kuupata.

Kifua kikuu nacho kinaacha alama. Kongo iko kati ya nchi 30 zenye kubeba muzigo mukubwa wa ugonjwa huo duniani. Dawa za miezi sita zinaua kijidudu, lakini hazifute makovu yenye yalibakia ndani ya mapafu. Mutu anapona, haambukize tena, lakini anaendelea kukohoa na kukosa pumzi.

Pumzi na woga vinashikana namna gani?

Mugonjwa anapanda mulima kidogo, tuseme pale Kadutu, pumzi inakatika. Anaona sawa anakufa. Woga unamufanya apumue mbio mbio. Sasa, kwa mutu wa BPCO, kupumua mbio njo kunazidisha shida: hewa haipate wakati wa kutoka, inajaa kifuani, na ile mupya inakosa nafasi. Woga umeongeza ukosefu wa pumzi, na ukosefu wa pumzi umeongeza woga.

Kesho yake haendi tena. Anaacha soko, anaacha shamba, kiisha anaacha na kanisa. Misuli ya miguu inalegea juu ya kukosa kazi, na musuli muzaifu unaomba hewa mingi zaidi kwa kazi ndogo. Mwanzoni alichoshwa na mulima. Kiisha miezi, anachoshwa na kutoka kitandani mpaka mulangoni. Hapo jamaa wanafikiri mapafu yameharibika zaidi, kumbe mara nyingine ni miguu njo imepoteza nguvu.

Huzuni yenye haionekane

Watu wenye magonjwa ya mapafu ya muda murefu wanapata wasiwasi na depresio, ndiyo huzuni nzito isiyoisha, mara nyingi kuliko watu wengine. Baba mwenye alikuwa anabeba mizigo sasa anangojea mutoto amuletee franga ya dawa. Anaona haya. Majirani wanamukimbia juu ya kikohozi. Wengine wanasema amelishwa sumu, ile inaitwa karuho, na jamaa wanaanza kutafuta murogi pahali pa kutafuta muganga. Na mahali vita vinapita, kuna woga mwingine: siku ya kukimbia, nani atamungojea mwenye hawezi kukimbia?

Huzuni hiyo inaharibu hata matunzo. Mwenye amekata tamaa anasahau dawa, anakula kidogo, hapendi kutembea. Ndiyo maana kutunza mapafu na kuacha moyo ni kufanya nusu ya kazi.

Mazoezi yanafanya nini?

Matunzo haya yanaitwa urekebishaji wa mapafu. Kwa kawaida ni programu ya wiki 6 mpaka 8, mara mbili ao tatu kwa wiki. Kwanza wanapima mugonjwa anatembea metre ngapi kwa dakika 6. Kiisha wanamupatia mazoezi ya miguu na mikono yenye kulingana na nguvu yake, wanamufundisha kupumua, wanazungumuza naye juu ya chakula, dawa na woga wake. Kazi hiyo inaongozwa mara nyingi na muganga wa viungo, yule watu wanaita kine.

Mazoezi hayatengenezi mapafu. Yanatengeneza misuli, ili iombe hewa kidogo. Tena mugonjwa anajifunza kama kukosa pumzi kidogo si kufa, na ule woga unapungua. Uchunguzi wa Cochrane wa mwaka 2015 ulikusanya majaribio 65 kwa watu wa BPCO zaidi ya 3 800. Ulionyesha kama wenye kufanya programu walipunguza ukosefu wa pumzi na uchovu, na hata hali ya moyo ilikuwa muzuri zaidi. Hapa karibu, Uganda, waganga wa Kampala walijaribu programu ya wiki 6 kwa watu wenye walibakia na mapafu mabaya kiisha kifua kikuu. Walitembea mbali zaidi kuliko mwanzo.

Mwenye hana kituo karibu afanye nini?

Vituo vyenye kutoa programu nzima ni vichache. Lakini kazi yenyewe haiombe mashine za bei. Mwanzo ni kupimwa: kila mwenye anakohoa zaidi ya wiki mbili apimwe kifua kikuu kwanza. Kiisha aulize muganga kama moyo na mapafu vinaruhusu mazoezi. Akikubaliwa:

– Kutembea pahali pa tambarare dakika tano, asubuhi na mangaribi, na kuongeza kidogo kidogo. Mwendo muzuri ni ule wenye mutu anaweza kusema lakini hawezi kuimba.

– Kuketi ku kiti na kusimama, mara chache, kiisha kuongeza.

– Kuvuta hewa kwa pua akihesabu mbili, na kuitoa pole pole akihesabu ine, midomo imefungana sawa mwenye anapoza uji wa moto.

– Pumzi ikikatika: kuketi, kuinama mbele, viwiko juu ya magoti, na kupumua vile vile. Kwa mulima, kuvuta hewa akiwa amesimama, na kuitoa wakati anapanda.

Aache mara moja na kwenda ku lopitali kama kifua kinauma, midomo inageuka bluu, anazimia, anakohoa damu, ao pumzi haitulie kiisha kupumzika.

Jamaa wanaweza kusaidia namna gani?

Wasimuondolee kazi zote. Kuchambua maharagi ao sombe ukiketi, kumwagilia maboga, kupeleka mutoto ku masomo ya karibu: hizo ni mazoezi, na ni heshima pia. Mbabula itoke inje.

Kama kwa wiki mbili halali, hapendi kula, hafurahie kitu, ao anasema heri kufa, wamuulize wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumupatie mutu wazo hilo. Kunamufungulia mulango wa kusema. Asiachwe peke yake, apelekwe ku kituo cha afya. Kwa matunzo ya akili kuna SOSAME Bukavu na Tulizo Letu Goma. Dawa za usingizi za kununua farmasi bila muganga ni hatari kwake, kwani zinaweza kupunguza pumzi yenye tayari ni kidogo.

Na yule mwenye kusema «kaa, pumzika» anaweza kubadilisha neno: «Simama, tutembee wote mpaka pale ku muti.» Kesho, muti wa pili.