Nyimbo Zilizobaki Jukwaani

Mtazamaji wa Kasulu au Kibondo akiitaja Sarafina!, huwa anazungumzia filamu. Ndiyo inayoweza kuoneshwa kwenye kibanda umiza, watu wamebanana kwenye mabenchi na jenereta linanguruma nyuma ya ukuta. Mama yake filamu hiyo ni tamthilia ya muziki ya Mbongeni Ngema, iliyozinduliwa mwaka 1987 katika ukumbi wa Market, Johannesburg. Nyimbo alizitunga Ngema pamoja na Hugh Masekela, na Broadway, jijini New York, ilichezwa karibu mara 600.

Mwaka 1992 Darrell Roodt aliigeuza kuwa filamu, na si kila kitu kilivuka.

Jukwaani wanafunzi wa Soweto ndio wanaosimulia habari yote. Hakuna mtaa wala gari la polisi. Vijana wale wale wanageuka mwalimu, askari na mfungwa mbele ya macho ya watu. Msiba ukitokea, wimbo ndio unaoubeba. Kamera ilikwenda Soweto yenyewe, ikanasa barabara na umati, halafu ikausogelea uso wa Leleti Khumalo, anayemwigiza mwanafunzi Sarafina. Kilichohitaji beti kadhaa jukwaani, uso huo unakimaliza kwa sekunde chache, na wimbo ukirudia jambo lile lile mtazamaji anaona hadithi imesimama.

Tena kuna suala la makofi. Aliyewahi kutazama ngoma na kwaya za shule kwenye mashindano ya UMITASHUMTA anajua kwamba kiitikio hurudiwa kwa sababu watu wanaitikia, wanapiga vigelegele, wengine wanainuka kutuza. Waimbaji wakiona uwanja umechangamka, wanaongeza, ukipoa, wanafupisha. Filamu haina nafasi hiyo. Mhariri anapaswa kukisia mapema hamu ya watu asiowaona, na mara nyingi anachagua ufupi.

Biashara nayo ina sauti: filamu fupi huoneshwa mara nyingi zaidi kwa siku, na wimbo wa kundi zima unadai mazoezi, mavazi na siku za kupiga picha.

Kukata si kosa kila mara. Tim Burton alipotengeneza Sweeney Todd mwaka 2007, aliliacha kundi la waimbaji linalofungua tamthilia kwa kumtangaza muuaji. Uamuzi huo ulifaa, kwa kuwa kamera yenyewe ilikwisha kuwa msimulizi. Watengenezaji wa Wicked walikwenda kinyume kabisa: waliigawa tamthilia moja kuwa filamu mbili, ya 2024 na ya 2025, na ya kwanza peke yake inakaribia urefu wa onyesho zima la jukwaani.

Kwa Sarafina!, pengo linalouma ni tukio la mwanzoni kati ya Sarafina na mama yake, aliyeigizwa na Miriam Makeba, pamoja na wimbo “Thank You Mama”. Lilikosekana katika filamu ya kwanza, likarudishwa katika toleo refu la mwongozaji. Haliyasukumi maandamano ya wanafunzi mbele hata hatua moja, na huenda ndiyo maana lilikuwa rahisi kuondolewa. Lakini linaonesha upendo kati ya binti huyo na mama yake, na aliyeliona huyapokea mateso ya jela yanayofuata kwa uchungu zaidi.