Ukishinda mnada wa sarafu za Kirumi, hakikisha hujapigwa

Siku hizi huhitaji kuwa tajiri wa Muthaiga ndio ununue sarafu ya kale. Uko zako Soweto East, Kibera, una simu, bando na kadi ya benki, na kwenye skrini kuna kipande cha shaba chenye sura ya Kaisari wa Roma. Maelezo yanasema kina miaka 1,700 na ni adimu sana. Zimebaki dakika mbili mnada ufungwe. Mtu usiyemjua ameweka dola 38. Unataka kuweka 40.

Tulia kwanza. Kuna mambo ambayo muuzaji hatakuambia.

La kwanza, ukale si bei. Wakati wa Kaisari Constantine, aliyetawala kuanzia mwaka 306 hadi 337, sarafu ndogo za shaba zilitengenezwa kwa wingi katika miji mingi ya himaya, kuanzia London hadi Alexandria. Watu walizificha ardhini, na wengine hawakurudi kuzichukua. Hadi leo zinachimbuliwa kwa maelfu, na nyingi huuzwa kwa dola chache tu. Kwa hivyo miaka 1,700 ni kweli. Huo uadimu ndio wa kuulizia.

Ukitaka mfano wa karibu, muulize nyanya yako kama ana zile senti za zamani zenye tundu katikati. Ukipata moja ya senti 10 ya mwaka 1936, utaona jina la Mfalme Edward VIII wa Uingereza. Huyu alitawala kwa miezi isiyofika 11, kisha akajiuzulu Desemba mwaka huo huo. Ukisikia hivyo unaweza kudhani umeangukia mali. Lakini senti hizo zilitengenezwa kwa mamilioni kwa ajili ya Afrika Mashariki, na ya kawaida iliyochakaa huuzwa kwa bei ya chai na mandazi. Sasa linganisha na sarafu ya dhahabu ya majaribio ya mfalme huyo huyo, ambayo zilitengenezwa chache mno. Mojawapo ilinunuliwa kwa pauni milioni moja Januari 2020. Mfalme ni yule yule, ila bei zao haziko hata jirani.

Kinachoamua bei ni vitu vitatu: zimebaki ngapi, ziko katika hali gani, na ni watu wangapi wanaozitafuta. Hata wewe unalijua hili kutoka kwa mitumba. Belo ikifunguliwa, kamera haiuzwi bei ya fagia, hata kama nguo zote zimetoka kwa belo moja.

Na tukizungumzia mitumba, fikiria unavyonunua raba pale Toi. Unaishika, unaipindua, unaikagua soli. Muuzaji akitaja 1,500, unataja 600, kisha unajifanya unaondoka. Anakuita. Kila neno linalosemwa linashusha bei. Mtandaoni mambo ni kinyume. Huishiki bidhaa, muuzaji amekaa kimya, na wanunuzi ndio mnapandishiana. Ile saa inayohesabu sekunde inakufanya usahau kuuliza sarafu ina thamani gani, unabaki kuwaza jinsi ya kumshinda yule mwingine.

Wataalamu wana jina la tatizo hili: laana ya mshindi. Mwaka 1971, wahandisi watatu wa Marekani, Capen, Clapp na Campbell, walieleza ni kwa nini kampuni za mafuta zilizoshinda zabuni za visima mara nyingi hazikupata faida zilizotarajia. Sababu ni rahisi. Watu 10 wakikadiria thamani ya kitu wasichokijua vizuri, wengine watakosea chini na wengine watakosea juu. Anayeshinda ni yule aliyekosea juu kuliko wote. Kwa sarafu za kale, mgeni asiyejua bei ndiye huwa yule.

Halafu kuna hesabu. Chukulia umeshinda kwa dola 40, na dola moja ni Sh130. Hiyo ni Sh5,200. Kampuni nyingi za mnada huongeza ada ya mnunuzi, na asilimia 20 ni jambo la kawaida. Ongeza Sh1,040. Usafirishaji ukiwa dola 30, ongeza Sh3,900. Sasa uko Sh10,140, na hujagusa ushuru wa forodha. Hiyo ni kodi ya chumba cha mabati Soweto East kwa zaidi ya mwezi mmoja, imelipia kitu ambacho pengine ukikiuza utapata Sh1,000.

Kwa hivyo kabla hujaweka dau, tafuta bei ambazo sarafu kama hiyo iliuzwa kweli, si bei zinazoombwa. Mtu anaweza kuomba milioni kwa kijiko. Minada mingi huhifadhi matokeo ya zamani. Angalia matano au sita. Kisha andika kiasi chako cha mwisho, ukiwa umeshajumlisha ada na usafiri. Ukipitwa, achana nayo.

Uliza pia sarafu imetoka wapi na nani aliimiliki hapo awali. Usidhani udanganyifu ni wa bei ndogo tu. Oktoba 2020, sarafu ya dhahabu ya Brutus, iliyotengenezwa mwaka 42 kabla ya Kristo kukumbuka kuuawa kwa Julius Caesar, iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Baadaye ilibainika kuwa stakabadhi za asili yake zilikuwa za uongo. Mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki. Ikiwa bilionea anaweza kuuziwa karatasi feki, wewe uliye na picha tatu zenye ukungu uko salama kiasi gani?

Mtego mwingine huja kwa sura ya mnunuzi. Anasema atakupa laki moja kwa ile sarafu ya Sh40 iliyotolewa mwaka 2003 kuadhimisha miaka 40 ya uhuru, ila kwanza utume "ada ya usajili" kwa M-Pesa. Mnunuzi wa kweli anakulipa, hakuombi pesa. Ukituma, ujue umeaga doo yako.

Na kama umepata kitu cha kale kweli, mfano rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 ya kampuni ya Imperial British East Africa, usikimbilie kuituma ng'ambo. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inahesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895 kuwa cha kale kinacholindwa, na kukitoa nchini kunahitaji kibali. Wapelekee wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa waitazame. Ukienda Nairobi Museum kutoka Kibera, nauli yako ni ndogo kuliko ile ada ya mnunuzi.