Ndugu wa Kaa Chini ya Migomba ya Tarime

Fukua majani yaliyooza chini ya migomba ya Tarime wakati wa masika, utaona viumbe wa kijivu wenye magamba mgongoni wakitawanyika kukwepa mwanga. Wengi huwadhania watoto wa jongoo. Wahesabu miguu: jongoo ana jozi mbili karibu katika kila pingili, ilhali hawa wana jozi saba tu. Ni isopodi, na ukoo wao ni ule wa kaa na kamba.

Zinajulikana aina zaidi ya 10,000 za isopodi duniani, karibu nusu zikiwa bado majini. Katika kilindi cha bahari wapo wanaozidi sentimita 30. Waliohamia nchi kavu hawakuachana na maji. Hupumua kwa vijibamba vilivyo chini ya mkia, ambavyo sharti viwe na unyevu, na ngozi yao haizuii maji kupotea kama ya wadudu. Ndiyo maana hutoka usiku na hupenda kurundikana. Milima ya Tarime, yenye mvua ya kustawisha kahawa na ndizi, inawafaa kuliko mbuga za Serengeti, ambako kiangazi hakiwaachii ila vivuli vya magogo na kingo za mito.

Kujivua ganda kwao kunastahili kutazamwa kwa makini. Siku chache kabla, mgeuze mmoja chali: chini ya kifua utaona mabaka meupe, akiba ya kalsiamu. Nusu ya nyuma huvuliwa kwanza, na ya mbele hufuata baada ya siku kadhaa. Kisha hulila ganda lake lenyewe.

Anatunza shaba vivyo hivyo. Damu yake hubeba oksijeni kwa shaba, naye hula hata kinyesi chake, jambo linalodhaniwa na baadhi kuwa husaidia shaba isipotee. Lakini tezi inayohifadhi shaba hiyo hukusanya pia risasi, zinki na kadimiamu zilizomo kwenye majani anayokula. Katika miaka ya 1980 mtafiti Steve Hopkin alilionyesha jambo hili Uingereza, kwa isopodi wa Avonmouth, palipokuwa na kiwanda cha kuyeyusha zinki na risasi. Mwili wa mnyama huyu huonyesha kilichomo ardhini anapoishi.

Kwa Tarime hilo si jambo dogo. Nyamongo kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara, na mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini hadi Mto Tigithe. Nao wachimbaji wadogo nchini hutumia zebaki kukamatisha dhahabu. Maji hupita, majani na udongo hubaki na kilichotuama, na isopodi ndiye anayevila kila siku.

Watafiti wa vyuo vyetu, pamoja na walimu wa biolojia wa Nyamongo na wa Mugumu wilayani Serengeti, waanze kuwakusanya na kuwapima, mashamba ya karibu na mgodi yakilinganishwa na ya mbali. Kuwakusanya hakuhitaji zaidi ya kijiko na chupa. Vipimo vya metali vifanyike maabara.